Kabla Greda Halijapita

Barabara mpya ni neema kwa wananchi. Viazi hufika sokoni mapema, maziwa hayaharibiki njiani, na mgonjwa huwahishwa hospitali. Wakulima na wafugaji wa Mudende, wilayani Rubavu, Rwanda, hawahitaji kufundishwa hayo. Walakini greda lipitalo mara moja tu laweza kufuta kilichotunzwa ardhini kwa miaka elfu mbili.

Ndiyo sababu, kabla ya barabara kuu kujengwa, hapana budi wataalamu wa akiolojia, yaani elimu ya mambo ya kale, watangulie. Kwanza husoma ramani na kuwauliza wazee habari za mahali. Kisha hutembea kwa mstari mmoja, mfano wa askari wafanyao msako, macho yakiwa chini. Huchimba mashimo madogo yaliyopimwa na kuchekecha udongo wake. Mwishowe hushauri njia ipindishwe, au mahali pachimbuliwe taratibu kabla ya ujenzi, au mtaalamu asimame kando ya mashine zifanyapo kazi.

Katika Rwanda hutafutwa vigae vya vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali palipo magharibi mwa Kenya. Pia mavi ya chuma na mabaki ya matanuri ya wahunzi wa kale. Kigae kikiwa katika tabaka lake hueleza umri na jirani zake. Kikiondolewa ovyo, huwa bubu. Askari polisi anaielewa sana hoja hii, kwani kielelezo kikihamishwa kutoka mahali pa tukio, ushahidi hudhoofika.

Mfano upo Uganda. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba katika gereza la Luzira, Kampala, walikuta kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, pamoja na vipande vingine. Leo kichwa hicho kimo katika British Museum, London. Kwa kuwa shimo lilichimbwa kwa ajili ya ujenzi, wala si kwa uchunguzi, mengi ambayo yangeonekana pale pale yalipotea. Wataalamu wangali wakijiuliza kilifinyangwa kwa kusudi gani.

Aidha, ardhi ya Rwanda ina amana nyingine iliyo nzito zaidi. Mwaka 2018, huko Kabuga, karibu na Kigali, makaburi ya halaiki ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi yaligunduliwa chini ya makazi ya watu. Kwa hiyo kuuliza kabla ya kuchimba si suala la vyungu peke yake. Ni heshima kwa marehemu, na ni faraja kwa jamaa ambao bado wanatafuta mahali pa kuwazika wapenzi wao.

Rwanda inayo sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi urithi wa utamaduni, lakini sheria haina macho shambani. Macho ni ya mama apaliliaye viazi, ya kijana achimbaye msingi, ya askari achimbaye handaki. Akiona vigae vingi, mavi ya chuma au mifupa, na asimamishe jembe. Asioshe kitu, asihamishe kitu, wala asipeleke nyumbani kwa watoto. Aweke alama, kisha ampashe habari kiongozi wa kijiji au kituo cha polisi siku hiyo hiyo.