Tulijue kwanza gari la mzee, kisha ndo tulibadilishe

Mwezi wa pili mwaka jana, mtoto wa marehemu kaka yangu alikuja nyumbani kwangu hapa Maskati baada ya sala ya Ijumaa. Tukanywa kahawa, tukaulizana hali, kisha akatoa karatasi mfukoni akanipa niisome. Ilikuwa ni hesabu ya gereji moja: kutoa injini ya zamani na kutia V8, kukata madigadi ili tairi kubwa ziingie, viti vya ngozi, na rangi nyeusi isiyong'aa.

"Ami, nasubiri ruhusa yako tu," akaniambia.

Gari lenyewe ni Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1973, rangi ya mchanga. Wasomaji wengi wa hapa hawana haja ya kuelezwa. Toyota waliitoa FJ40 kuanzia 1960 mpaka 1984, na wengi wetu tuliorudi Oman kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na bara tunaikumbuka, kwani ilifika pale ambapo lami ilikuwa bado. Kaka alilinunua hilo lake likiwa limeshatumika, na watoto wake wote wanne walipelekwa skuli ndani yake. Tangu alipofariki lilikaa chini ya kibanda, tairi zimekwisha upepo.

Nilimjibu kijana vibaya. Nilimwambia anataka kumzika baba yake mara ya pili. Akakunja karatasi yake, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Wiki mbili hatukusemezana.

Nayasema haya hadharani kwa sababu najua ugomvi huu umo katika nyumba nyingi zetu. Mzee akiondoka, mmoja anataka kitu chake kiuzwe, mmoja anataka kifanywe kipya, na mmoja, kama mimi, anataka kisiguswe. Kila mmoja anadai yeye ndiye aliyempenda marehemu zaidi.

Aliyetupatanisha ni shemeji yangu, mjane wa kaka. Alituita sote wawili, akatuambia: "Mnagombania gari, na hakuna hata mmoja wenu anayejua kwa nini haliwaki."

Alikuwa na haki. Tukakubaliana kwamba gari litabaki nyumbani, tutalifanya wenyewe kila Ijumaa asubuhi mpaka liwake, na habari ya V8 itazungumzwa baadaye.

Mimi si fundi. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote. Lakini nilisoma sekondari ya misheni huko bara, na padri aliyetufundisha fizikia alikuwa akitufungulia boneti la Peugeot ya misheni. Alikuwa na sharti moja: hakuna kufungua bolti kabla hujasema inashika nini na kwa nini. Sharti hilo ndilo nililolitia katika gereji yetu, na ndilo jambo ninalotaka kuwaambia wenzangu leo. Si haramu kubadilisha kitu cha mzee. Kosa ni kukibadilisha kabla hujakijua.

Tulianza kwa kupiga picha kila kitu kwa simu kabla ya kukifungua. Bolti na nati tukazitia katika makopo ya maziwa, kila kopo na maandishi yake. Zilizoshika kutu tulizimwagia mafuta tangu usiku, asubuhi zikafunguka bila kukatika. Tangi lilikuwa na kutu ndani, na petroli ya zamani imegeuka kama gundi katika kabureta. Injini yenyewe, lita 3.9, silinda 6 kwa mstari mmoja, haikuwa na ubaya wowote mkubwa.

"Lakini ami, hii injini imechoka," kijana akashikilia. "Baba likimzimia kwenye foleni kila joto likizidi. Alikuwa akitia kitambaa cha maji kwenye pampu ya petroli."

Nikamwambia aniambie mwenyewe kwa nini kitambaa cha maji kilisaidia. Tukasimama juu ya injini kama nusu saa. Katika injini ile, kabureta na bomba la moshi viko upande mmoja, na moto hupanda juu. Katika joto letu la mwezi wa saba, petroli inachemka ndani ya paipu na kuwa mvuke kabla haijafika kwenye kabureta. Pampu haiwezi kusukuma mvuke, basi gari linazima. Ubaridi ukirudi, linawaka kama halikuwa na lolote. Dawa yake ilikuwa kusogeza paipu mbali na moto na kufunga bati la kukinga joto. Kwa tatizo hilo, yeye alikuwa anataka kuitupa injini nzima.

Msinione nimeshinda. Zamu yangu ilikuja siku tulipolala chini ya gari. Tuliona vyuma viwili vimechomelewa kwenye chesisi, vibaya vibaya, si kazi ya kiwandani. Kijana akavitambua: baba yake alivichomelea mwenyewe ili abebe pipa la maji safarini. Kwenye dashibodi pia alitoboa tundu la feni. Mimi niliyekuwa nikipiga kelele kwamba gari liachwe "kama lilivyokuwa," ikanibidi ninyamaze. Marehemu mwenyewe hakuliacha lilivyokuwa. Alilibadilisha kwa haja yake, na alijua alilokuwa akilifanya.

Tangu siku ile tumekuwa na kanuni tatu.

Kwanza, linalohusu roho za watu libadilishwe bila ya huruma. FJ40 ya mwaka ule ina breki za dramu mbele na nyuma. Tumetia diski mbele, na mikanda viti vyote. Hakuna kumbukumbu inayostahili kupoteza mtoto kwa ajili yake.

Pili, lisiloweza kurudishwa lifikiriwe mara mia. Kiti kikivuliwa kinawekwa stoo. Bodi ikishakatwa imekwisha. Na injini yenye nguvu kubwa haiji peke yake: inataka gia, difu, breki na radieta za kuihimili. Kabla ya yote hayo, waulizeni kwanza polisi wa trafiki kinachoruhusiwa, lisije gari likakataliwa siku ya kufanya upya mulkiya.

Tatu, yaliyobaki ni ya kijana, na sisi wazee tufunge midomo. Viti vya ngozi amevipata. Mimi sivipendi, na sijaulizwa.

Na kwa watakaojaribu, naomba mambo mawili. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma. Na vumbi la breki za zamani usilipulize, kwani huenda lina asbestosi. Lipanguse kwa kitambaa cha maji, kisha kitupe.

Wapo watakaosema gereji ingemaliza kazi hii kwa mwezi mmoja. Ni kweli. Siye tumechukua zaidi ya mwaka, na joto lilipozidi tuliacha kabisa, tukawa tunasafisha vipuri ndani ya nyumba mpaka shemeji akachoka na harufu ya mafuta. Pesa nazo zimetoka zaidi ya tulivyokadiria. Lakini gereji ingeturudishia gari tu. Mtoto wa huyu kijana, ana miaka kumi na minne, alikuwa akinijibu kwa Kiarabu na Kiingereza kila nikimsemesha Kiswahili. Sasa ananiambia, "Babu, nipe ile spana ya kumi na mbili, hii bisibisi haifai." Sikumfundisha darasani. Kazi ndiyo iliyomfundisha, maana spana haiji bila kuitwa jina lake. Miaka mingi nimewasikia wazazi wakilalamika kwamba watoto hawakai nao. Watakaaje, na kila kazi tunampa fundi wa nje?

Gari liliwaka mwezi uliopita. Shemeji alikaa kiti cha mbele, tukamzungusha mtaani mara mbili. Hakusema kitu, akaomba mara ya tatu. Rangi imebaki ya mchanga, na vyuma vya pipa la maji viko palepale.

Karatasi ya V8 kijana bado anayo. Siku akirudi nayo sitomzuia, maana sasa anaijua ile injini atakayoitoa.