Kamera za CCTV haziwezi kuilinda pwani ya Kilifi peke yake

MNAMO Novemba 28, 2002, gari lililosheheni vilipuzi lilivunja kizuizi na kulipuka katika hoteli ya Paradise, Kikambala. Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa, mbali na washambuliaji wenyewe. Siku hizi ni nadra kukuta hoteli kubwa ya kitalii Malindi au Watamu isiyokuwa na kamera za CCTV langoni. Je, kamera hizo zingemzuia aliyekuja akiwa tayari kufa?

Sidhani. Katika shambulio la DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, kamera zilimnasa mlipuaji akizungukazunguka kabla ya kujilipua. Picha tuliziona baadaye, watu 21 wakiwa wameshauawa. Nchini Uingereza, watafiti Brandon Welsh na David Farrington walibaini mwaka 2002 kwamba kamera zilipunguza zaidi wizi katika maegesho ya magari. Katikati ya miji manufaa yalikuwa haba.

Sababu imo katika mtambo wenyewe. Kamera hupeleka picha, kwa waya au kwa mtandao, hadi kwenye mashine inayozihifadhi katika diski. Diski ikijaa, picha kongwe hufutwa ili mpya zipate nafasi. Mwenye duka anayegundua wizi baada ya miezi miwili huenda asipate ushahidi wowote. Usiku kamera humulika kwa miale isiyoonekana kwa macho, lakini uso wa mtu aliye mbali hautambuliki. Kwetu pwani chumvi ya bahari nayo hula viungo vya nyaya, na stima ikipotea pasipo betri ya akiba, jicho hilo hupofuka papo hapo.

Baada ya shambulio la Westgate la 2013, serikali iliipa Safaricom kandarasi ya takriban Sh15 bilioni kuwaunganishia polisi kamera 1,800. Miji iliyolengwa ilikuwa Nairobi na Mombasa. Ukivuka daraja la Mtwapa kuingia Kilifi, ulikuwa umeuacha mpango huo nyuma.

Hivyo ulinzi wa kamera ukabaki mikononi mwa wenye mali. Mvuvi na muuza vinyago ufuoni hurekodiwa na watu wasiowajua, ilhali Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yao, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawapa haki ya kuarifiwa na hata kudai kuonyeshwa data inayowahusu. Ni wangapi wamewahi kuelezwa hayo?

Na kuna Kilifi nyingine, ya bara. Silvia Romano, raia wa Italia, alitekwa nyara Novemba 20, 2018 kijijini Chakama, mbali na hoteli za ufuoni. Huko mlinzi ni jirani na chifu.

Iwapo kaunti itataka kununua kamera zake, wakazi waulize kwanza: nani atakuwa akizitazama saa nane za usiku, picha zitahifadhiwa siku ngapi, na afisa yupi ataruhusiwa kuzichukua?