Fundi aliyerejea anunue soketi ya kazi yake, si boksi la kung'aa

Tangu Septemba 2017, ulipoanza mpango wa kurejea kwa hiari uliokubaliwa kati ya Burundi, Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, maelfu ya ndugu zetu wametoka katika kambi za mkoa wa Kigoma na kurudi nyumbani. Miongoni mwao wamo vijana waliojifunza ufundi wa magari huko ugenini, Kasulu, Kibondo na kwingineko. Wanakuja na ujuzi mikononi, lakini mifukoni wana kidogo. Swali la kwanza linalowakabili ni hili: fedha hizo chache zinunue zana gani?

Hapo ndipo wanapokutana na boksi. Limefunguliwa juu ya meza ya mchuuzi, soketi zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Juu pameandikwa vipande 108 au 216. Kando yake kuna maboksi madogo ya soketi maalumu: za nyota, za plagi, za sensa, za habu. Mchuuzi anaapa kwamba asiye na hizi si fundi. Je, ni kweli?

Hoja yangu ni kwamba kwa fundi anayeanza, boksi zima la soketi maalumu ni mtaji uliolala usingizi. Lakini soketi maalumu moja au mbili, zilizochaguliwa kwa kutazama magari yanayoingia gerejini kwake, zinaweza kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine yoyote. Mambo haya mawili hayapingani, bali watu wengi huyachanganya.

Tuanze na magari yenyewe. Barabara zetu zimejaa Toyota, na Probox ndiyo punda wetu wa kila siku. Fundi wa Probox anaishi na namba chache tu: 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya nati za tairi. Nati ya kumwagia oili ni namba 14. Kwa hiyo zana ya kwanza ni seti ya kawaida ya soketi, zile ambazo waliojifunzia Bujumbura wanaziita kwa Kifaransa "douille" na waliotoka Tanzania wanaziita boksi spana. Ziwe za nusu inchi kwa kazi nzito, na nyingine za tatu kwa nane kwa kazi za injini. Ziwe za pembe sita, kwa sababu hizo hushika nati kwa ubavu wake. Za pembe kumi na mbili hushika karibu na kona, na nati yenye kutu hulika haraka.

Tazama pia yale maboksi yenye vipande vingi. Hesabu vizuri na utakuta nusu ya vipande ni vichwa vya bisibisi, na sehemu nyingine ni soketi za inchi ambazo Toyota haina kazi nazo. Zina hatari yake pia. Soketi ya nusu inchi ina milimita 12.7. Ukiivalisha nati namba 12 itaingia bila shida, itazunguka, na kona zote zitakwisha. Vivyo hivyo, boksi dogo la vipande 46 linalopendwa kwa bei yake ni la mpini wa robo inchi. Atakayelitumia kufungua nati ya tairi atavunja mpini siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye soketi maalumu. Napendekeza fundi ajiulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Kwanza, je, kazi hii haifanyiki kabisa kwa zana ya kawaida? Pili, nikiifanya kwa zana isiyo yake, nani atalipa hasara? Tatu, kazi hii inanijia mara ngapi kwa mwezi?

Chukua soketi ya plagi. Katika Probox yenye injini ya 1NZ, plagi zimezama ndani ya mashimo marefu na zinahitaji soketi namba 16. Soketi ndefu ya kawaida inaweza kuifungua, lakini soketi ya plagi ina mpira au sumaku ndani inayoishika isianguke wakati wa kuirudisha. Plagi ikianguka shimoni, kauri yake hupasuka au mwanya wake huziba, na gari hutoka gerejini likikohoa. Kazi hii huja kila mara, na soketi ni moja tu. Nunua.

Chukua ya pili, soketi ya sensa ya oksijeni, ile namba 22 iliyopasuliwa ubavuni ili waya upite. Kama sensa imekufa na inabadilishwa, unaweza kukata waya wake na kuifungua kwa spana ya pete. Ngoja kwanza. Ya tatu ni soketi za nyota, ambazo bolti za BMW na Volkswagen huzihitaji sehemu nyingi. Kama kwa mwezi mzima hujaona hata gari moja la Mjerumani, seti hiyo itaota vumbi. Siku litakapokuja, mwambie mwenye gari ukweli, nunua kipande kile kimoja, na ukiingize katika hesabu ya kazi.

Ya nne ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Land Cruiser za zamani na Hilux zenye habu za mbele za kizamani hufungwa beringi kwa nati kubwa mbili nyembamba zenye pembe nane, namba 54. Kati yake kuna washa inayokunjwa ili zisilegee. Soketi yake ni moja na haifanyi kazi nyingine yoyote. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hawana, wanatumia tindo na nyundo. Fungua habu za magari hayo na mara kwa mara utakuta nati zimejaa makovu.

Wapo wakongwe watakaonijibu kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba wao wamepiga tindo miaka 20 bila ajali. Nawaheshimu, maana wamefundisha wengi. Lakini nati ile haishikilii tu, bali inapima. Nati ya ndani ndiyo inayoamua beringi zibanwe kiasi gani. Ikilegea, gurudumu hucheza. Ikikazwa mno, beringi hupata moto, grisi huyeyuka, na gurudumu linaweza kukwama au kuchomoka. Nyundo haiwezi kukupa kipimo hicho, na vipande vya chuma vinavyoruka kutoka kwenye tindo vinaweza kuingia katika beringi ile ile uliyoisafisha. Katika miteremko yetu, yenye abiria nyuma na magunia juu, hasara ya kazi hiyo hailipwi na fundi. Kwa swali la pili peke yake, anayegusa habu hizo anunue namba 54 kabla ya kitu kingine chochote chenye jina la "maalumu".

Atauliza msomaji: kwa nini wasiazimane? Mafundi wanaokaa uwanja mmoja wanaweza kuchanga na kununua namba 54 moja, na soketi za nati za malori, kwa mfano ile ya Fuso za zamani yenye namba 41 kwa nati ya nje na mraba wa 21 kwa nati ya ndani. Hilo ni jambo jema, mradi zana iwe na mtunzaji anayejulikana. Lakini soketi unayoitumia kila siku usiitegemee kwa jirani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kwa wafanyabiashara wa Kobero na Mugina nina neno pia. Fundi maskini hahitaji maboksi kumi ya kung'aa, anahitaji mtu wa kumuuzia soketi moja moja. Namba 10 hupotea kuliko zote, na kila mwenye gereji anaitafuta. Weka mezani namba 10, 12 na 14 za pembe sita, soketi ya plagi namba 16, na namba 54 chache. Gereji zenye mashine ya upepo ziuzie zile soketi nyeusi nene, kwani zile za kung'aa zinaweza kupasuka chini ya mashine na kumtoa mtu jicho. Wala usitegemee herufi za Cr-V zilizopigwa ubavuni, maana kila kiwanda kinaweza kuzipiga. Beba nati mpya mfukoni, ivalishe soketi, na ikicheza iache.

Tena, msidanganyike pale forodhani. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Soketi ya China iliyonunuliwa Kariakoo haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kupitia Kariakoo. Anayepiga hesabu ya faida bila ushuru atalia mpakani.

Haba na haba hujaza kibaba. Fundi aliyerejea na kuanza na seti moja nzuri ya pembe sita, akaongeza soketi ya plagi mwezi huu na namba 54 mwezi ujao kwa fedha iliyotoka kwenye kazi yenyewe, baada ya mwaka atakuwa na boksi lisilo na kipande hata kimoja kilicholala. Na mwenye Land Cruiser anayetaka kutengenezewa habu aombe kwanza kuonyeshwa soketi. Akionyeshwa tindo, aondoke na gari lake.