Mtendaji mkuu wa Simba anasaini nini?

Simba ikitangaza mtendaji mkuu mpya, vijiwe vya Kariakoo hugawanyika kwa hoja zilezile: kwani wazawa wameisha? Mwanamke ataziweza fitina za mpira? Mimi ni afisa utumishi mstaafu, na ni mwanachama wa Simba ambaye ada yangu imelipwa. Hoja hizo zinanichosha. Nikimwona mtu anakabidhiwa jezi mbele ya kamera, najiuliza la kiofisi: barua yake ya ajira inasema anawajibika kwa nani, na anaruhusiwa kusaini nini?

Senzo Mazingisa alitoka Afrika Kusini akaanza kazi Septemba 2019. Agosti 2020 akajiuzulu na kuibukia kwa watani wetu Yanga. Tukamwita msaliti. Barbara Gonzalez akashika nafasi, akatangaza kujiuzulu Desemba 2022. Akaja Imani Kajula, kisha mwaka 2024 Mnyarwanda Francois Regis Uwayezu, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa shirikisho la soka la kwao. Novemba mwaka huohuo naye akaondoka, ofisi ikabaki kwa Zubeda Sakuru. Mgeni, mzawa, mwanamume, mwanamke: wote tumewajaribu, na kiti bado cha moto.

Kati ya hao wanne walioondoka, Barbara ndiye aliyedumu zaidi. Alibezwa kwamba ni binti tu, mpira kaujulia wapi, lakini wakati wake, mwaka 2021, Simba iliongoza kundi la Ligi ya Mabingwa lililokuwa na Al Ahly. Alitokea kwenye ofisi ya mwekezaji, Mohammed Dewji, na kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake: akipiga simu, inapokelewa. Mtu aliyetoka Kigali kama Uwayezu aanzie kwa nani? Katika ofisi nilizofanyia kazi, mwenye miezi minne bado yuko kwenye majaribio. Hata funguo za kabati hajakabidhiwa zote.

Inaniuma kuwasifia watani, ila niseme. Kule Jangwani, kwa Yanga, Hersi Said alikuwa akisimamia usajili kabla hata hajachaguliwa kuwa rais wa klabu mwaka 2022. Kwa hiyo Mzambia Andre Mtine alipoajiriwa kuwa mtendaji mkuu, hakuna aliyemsubiri alete mshambuliaji. Kwetu straika akifunga, kila kigogo anadai ndiye aliyemleta. Akipiga nje, mtendaji mkuu anaitwa ajieleze.

Nikipewa kipaza sauti kwenye mkutano mkuu, uraia wa mtu sitauuliza. Nitaomba tusomewe majukumu ya cheo hicho, kipengele kwa kipengele: nani anasaini mkataba wa mchezaji, nani anamfukuza kocha, na mjumbe wa bodi akianza kuzungumza na wakala kwa siri, nani ana mamlaka ya kumwambia aache.