Mlima Hauanzii Kileleni

Kila tukitangaza toleo la misitu ya milimani, picha humiminika ofisini: Kibo alfajiri, Uluguru imefunikwa na mawingu, jabali lililochomoza juu ya miti. Ni picha nzuri, na karibu zote mpiga picha alisimama mbali akaelekeza kamera juu. Safari hii jaladani tumeweka ukingo wa Mwanihana, mashariki mwa Udzungwa, kwenye mwinuko wa mita 300 hivi, pale miwa inapokomea na msitu unapoanzia. Wenzangu wawili ofisini walilalamika kwamba picha yenyewe haina mvuto. Nimeitetea, na makala zilizomo ndani zitaitetea vizuri zaidi.

Tangu enzi za Wajerumani, mipaka ya hifadhi zetu nyingi za milimani ilichorwa kwa kutazama vyanzo vya maji. Palipokuwa na mvua nyingi na mwinuko mkali palifungwa. Miteremko ya chini, yenye udongo mzuri na joto la kutosha, ikaachiwa mkonge, chai, kahawa, miwa na vijiji. Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki yake kwa mtu wa maji, lakini kwa msitu ilikuwa hasara, na hasara yenyewe ndiyo kwanza tunaanza kuielewa.

Sisemi huko juu hakuna kitu. Dar es Salaam inakunywa maji ya Ruvu, na Ruvu inatoka Uluguru. Tanga inakunywa Zigi ya Usambara Mashariki. Mitambo ya Kidatu na Kihansi inapata sehemu ya maji yake kutoka mito ya Udzungwa. Kwenye ukanda wa mawingu, kuvumwani na majani hunasa ukungu hadi matone yakadondoka hata siku isiyo na mvua, na moto unaopanda Kilimanjaro kila baada ya miaka kadhaa unaharibu kazi hiyo kimyakimya huku sisi tukihesabu barafu iliyobaki. Lakini hayo yana watetezi tayari. Miteremko ya chini haina.

Chukueni ndege. Wapo wa misitu ya juu ambao baridi ya Juni hadi Agosti ikiingia hushuka mabondeni, wengine hadi misitu ya pwani, na joto likirudi hupanda tena. Ndege wa namna hiyo ana makazi mawili, na hifadhi aliyotengewa ni moja tu. Halafu kuna joto lenyewe. Kila ukipanda mita 100, hewa hupoa kwa zaidi ya nusu ya nyuzi moja ya Selsiasi. Dunia inavyozidi kupata joto, viumbe wa miteremko hujisogeza juu kutafuta hali waliyoizoea, na mahali pao panapaswa kuchukuliwa na viumbe wa chini yao. Chini yao kukiwa na miwa, nani atapanda?

Kilimanjaro una ushahidi wa kushangaza kuhusu hili. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mlima huo ni mchanga ukilinganisha na Usambara, kwa hiyo ni kawaida ukawa na aina chache za viumbe wasiopatikana kwingine. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, ana maelezo mengine. Kwenye makorongo ya chini, ambako jembe na msumeno havikufika, amekuta mabaki ya msitu unaofanana na ule wa milima ya kale ya Tao la Mashariki, kama hiyo Usambara. Yawezekana basi kwamba utajiri ulikuwapo, ukafyekwa kabla hajatokea mtu wa kuuorodhesha. Mwaka 2016 yeye na wenzake walitangaza mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika, na waliukuta kwenye korongo la namna hiyohiyo, mbali kabisa na theluji. Mti mmoja wa kimo hicho unatosha kumfanya mtu ajiulize ni msitu gani ulikuwa umesimama mahali ambapo leo kuna migomba na kahawa. (Wachagga wamebakiza miti mikubwa vihambani mwao, na kwa hilo wanastahili sifa zaidi ya wanazopewa. Ila kihamba ni shamba, si msitu.)

Usiridhike na kijani unachokiona ukiwa mbali. Derema, Usambara Mashariki, wakulima walipanda iliki chini ya miti mikubwa. Iliki inataka kivuli, kwa hiyo miti haikukatwa. Kwenye picha ya angani msitu ulionekana mzima. Ingia ndani, uiname: miche yote ya miti ilikwishafyekwa ili iliki ipate nafasi. Msambu, kwa mfano, hudondosha tunda la kilo kadhaa, panya buku akaja akabeba mbegu moja moja na kuzifukia huku na huku, nyingine akazisahau, na hizo alizozisahau ndizo huota. Panya alifanya kazi yake, panga nalo likafanya yake. Wazee walisimama bila warithi, na palipotokea uwazi msituni hondohondo akaleta mbegu za musizi, mti mgeni ulioletwa Amani na wakoloni, unaokua haraka.

Serikali iliamua kulifanya eneo hilo kuwa ushoroba wa kuunganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini, wakulima wakalipwa fidia. Malipo yalikawia na manung'uniko yakabaki. Hapo ndipo ugumu ulipo, na sitaki toleo hili lijifanye halijauona. Kulinda kilele ni rahisi kwa sababu kileleni haishi mtu. Chini wanaishi watu, tena wengi, na kila ekari ina jina la mwenyewe. Vijiji vilivyo kando ya Udzungwa viliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi siku moja kwa wiki, hadi mwaka 2011 ruhusa hiyo ilipofutwa. Mama aliyepoteza kuni hizo alipata nini badala yake? Mhifadhi asiyekuwa na jibu la swali hilo asishangae akikuta visiki.

Hata hivyo yapo yaliyowezekana. Magombera, msitu wa kilomita za mraba 26 hivi katika tambarare ya Kilombero, kilomita chache tu kutoka Udzungwa, ulipigiwa kelele kwa miongo kadhaa kabla ya kutangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019. Sehemu yake ilikuwa mali ya kampuni ya sukari. Ni humo ambamo nyoka mmoja, aliposhtuliwa na mtafiti, alimtema kinyonga aliyekuwa akimmeza, na kinyonga huyo akawa miongoni mwa vielelezo vya aina mpya iliyopewa jina la msitu wenyewe mwaka 2009. Na katika tambarare hiyohiyo wapo wanavijiji waliokubali kutenga ardhi yao kwa ushoroba wa tembo kati ya hifadhi za Udzungwa na Nyerere.

Ardhi hiyo wameitoa wao. Maji, umeme na watalii vinakwenda kwingine. Fedha za hifadhi zinapogawanywa, ombi langu kwa wanaozigawa ni kwamba ramani isomwe kuanzia chini kwenda juu, na fungu la kwanza liende kwa yule ambaye shamba lake ndilo linalotakiwa lirudi kuwa msitu. Makala ya kwanza, ukurasa unaofuata, inahesabu shamba la namna hiyo linamwingizia mwenyewe shilingi ngapi kwa msimu.