Sheria ya Kumng'oa Mtu Mmoja

Novemba 1990, wapiga kura wa California walikuta kwenye karatasi zao pendekezo namba 140. Lilitaka mbunge wa jimbo hilo asikae zaidi ya miaka sita katika baraza la chini na minane katika seneti, na akimaliza asirudi tena maishani. Pendekezo lilipita kwa takriban asilimia 52. Halikutaja jina la mtu, lakini mjini Sacramento, makao makuu ya jimbo, hakuna aliyehitaji kuuliza linamlenga nani. Lilimlenga Spika wa baraza la chini, Willie Brown.

Brown alizaliwa mwaka 1934 Mineola, mji mdogo wa Texas enzi za ubaguzi wa rangi, akahamia San Francisco na kusomea sheria. Mwaka 1961 alikwenda kutazama nyumba katika mtaa mpya, wauzaji wakamkwepa kwa kuwa ni mweusi. Fedheha ile akaigeuza maandamano, na jina lake likaanza kusikika. Mwaka uliofuata aligombea ubunge wa jimbo dhidi ya Edward Gaffney, Mdemokrat mwenzake aliyekuwa amekikalia kiti kwa muda mrefu. Akashindwa kwa kura chache. Mwaka 1964 akamrudia Gaffney yuleyule, akamwangusha, na tangu hapo wapiga kura wake hawakumwacha kwa miaka 31.

Kuchaguliwa nyumbani hakukumpa shida tena. Mtihani ulikuwa uspika. Mwaka 1974 aliusaka akaukosa, ukaenda kwa Leo McCarthy. Miaka sita baadaye Wademokrat waligawanyika, nusu kwa McCarthy na nusu kwa mpinzani wake Howard Berman, na Brown akaona mlango ambao wenzake hawakuuona: akaenda kuzungumza na Warepublikan. Desemba 1980 alichaguliwa kwa kura 28 za chama pinzani na 23 za chama chake. Ni hesabu ya ajabu kwa mtu ambaye baadaye angegeuka jinamizi la Warepublikan haohao.

Akatawala karibu miaka 15. Aligawa uenyekiti wa kamati, ofisi na fedha za kampeni, na aliyemuudhi alijikuta kwenye chumba kidogo chenye kamati isiyo na kazi. Mwenyewe alijiita kwa mzaha Ayatollah wa Bunge. Wakati huohuo makachero wa FBI, wakijifanya wafanyabiashara wa uduvi wanaotafuta mswada wa kuwafaidi, waliwanasa wabunge kadhaa kwa rushwa. Brown hakushtakiwa kwa lolote, lakini harufu ilienea Bunge zima, na Pete Schabarum, mwanasiasa wa Los Angeles aliyepata kuwa mbunge, hakupata tabu kukusanya saini za pendekezo lake. Hasira ya wananchi ilikuwa halali. Dawa ndiyo yenye utata.

Chukua mfano mmoja unaoigusa Afrika. Maxine Waters aliingia katika baraza hilo baada ya uchaguzi wa 1976 na kushikilia hoja ya kuondoa fedha za mifuko ya pensheni ya jimbo katika kampuni zilizofanya biashara na makaburu wa Afrika Kusini. Hoja ilikwama, akairudisha, ikakwama tena. Mwaka 1986, akiwa na Brown kama mshirika, sheria ilipita na gavana Mrepublikan, George Deukmejian, akatia saini. Mabilioni ya dola yakaguswa. Brown, ambaye kwa cheo cha uspika aliingia katika baraza la uongozi wa Chuo Kikuu cha California, alisukuma hoja hiyohiyo huko, nako ikapita. Juni 1990, Nelson Mandela alisimama katika uwanja wa Oakland, California, kuwashukuru watu wa eneo lile.

Miezi mitano tu baadaye likapita pendekezo namba 140. Kama lingekuwapo tangu mwanzo, Waters angetolewa barazani mwaka 1982, kabla ya kazi hiyo kuiva. Watetezi wa ukomo wa mihula hupenda kumtaja mbunge mvivu aliyezeekea kitini. Waters ndiye wasiyemtaja.

Na Brown je, sheria ilimng'oa? Mwaka 1994 Warepublikan walipata viti 41 kati ya 80, wakaanza kusherehekea. Mmoja wao, Paul Horcher, akajitoa chamani na kumpigia Brown kura, zikawa 40 kwa 40. Brown akaona kwamba Mrepublikan mwingine, Richard Mountjoy, alikuwa amechaguliwa pia kuwa seneta. Wafuasi wa Brown wakamtoa Mountjoy barazani, na Januari 1995 Brown akarudi kitini. Wananchi walimwondoa Horcher kwa kura kabla ya muhula wake kwisha. Brown hakutikisika: Juni akampisha Doris Allen, Mrepublikan aliyechaguliwa kwa kura za Wademokrat, naye akaondolewa na wananchi Novemba. Desemba, Brown alichaguliwa meya wa San Francisco, akakaa miaka minane.

Ni kweli kwamba ukomo ulikuwa unamsubiri mwaka 1996, na pengine ndio uliomwonyesha njia ya kwenda umeya. Ila mtu aliyesukumwa nje akaangukia ofisi kubwa zaidi hawezi kuhesabiwa kuwa ameadhibiwa. Wakenya wanaujua mchezo huu: Ali Roba na Jackson Mandago walipomaliza mihula miwili ya ugavana mwaka 2022 walihamia seneti, na mwenzao Amason Kingi akawa Spika wake.

Waliobeba mzigo ni waliofuata. Katika miaka 15 baada ya Brown kuondoka kitini, kiti kile kilikaliwa na watu kumi. Watafiti Bruce Cain na Thad Kousser, katika ripoti yao ya 2004, walikuta Bunge lililopunguza usimamizi wake juu ya serikali na kulegeza kamba katika bajeti ya gavana. Haishangazi. Mgeni wa miaka miwili anayeikabili wizara yenye maofisa wa miaka ishirini atamuuliza nani, kama si mshawishi wa kulipwa aliyeketi nje ya mlango? Zaidi ya hayo, pendekezo lilikuwa limekata sana bajeti ya Bunge, kwa hiyo wataalamu ambao wangemfundisha nao waliondoka.

Faida ilikuwepo, na si ndogo. Viti vilifunguka haraka. Cruz Bustamante akawa Spika wa kwanza Mlatino wa zama hizi, na mwaka 2008 Karen Bass akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza bunge la jimbo lolote Marekani. Lakini watafiti haohao waliona kuwa mabadiliko hayo yalikuwa yameshaanza, na ukomo uliyaharakisha tu.

Juni 2012 wana-California walirekebisha kauli yao: mbunge sasa ana miaka 12 kwa jumla, na akipenda anaweza kuimaliza yote katika baraza moja. Anthony Rendon, aliyeingia chini ya kanuni hiyo, aliweza kuwa Spika kwa miaka saba. Majimbo mengine, kama Idaho na Utah, yalifuta ukomo kabisa, huku North Dakota ikiuweka mwaka 2022.