RAIA NA ASKARI

Mara kwa mara twasikia wakuu wakilalama kwamba wananchi wa visiwa hivi hawana imani na polisi, kana kwamba imani ni kodi ambayo raia amekataa kuilipa. Sisi twauliza: imani hiyo huzaliwa wapi?

Wengi hudhani kwamba mtu huridhika na polisi akirejeshewa mali yake iliyoibwa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Tom Tyler, aliwahoji wakaazi zaidi ya 1,500 wa mji wa Chicago, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 akaeleza kwamba kinachowatuliza watu zaidi ni jinsi walivyotendewa: kwamba walisikilizwa, hawakudharauliwa, na sharia haikutazama uso wa mtu. Walakini hatukuhitaji kungoja habari hii itoke Chicago. Mzee wa shamba aliyeibiwa ng'ombe ajua vyema kwamba huenda ng'ombe asionekane tena. Lakini akipokewa kwa salamu, akapewa kiti, maneno yake yakaandikwa na RB akatiwa mkononi, hurudi kwake ametua moyo. Akiambiwa "njoo kesho" mara tatu, na nauli ya gari ni yake, hatakwenda mara ya nne, wala hatamshauri jirani yake aende.

Hayo ni ya kila siku. Lipo kubwa zaidi. Tarehe 27 Januari, 2001, wananchi waliandamana Unguja na Pemba kudai uchaguzi mpya. Polisi wakafyatua risasi; watu zaidi ya 20 wakafa, askari mmoja naye akauawa Micheweni, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Baada ya Muafaka wa Oktoba mwaka ule iliundwa tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Mtoto aliyefiwa na baba yake siku ile leo ni mtu mzima. Aonapo gari la polisi karibu na kituo cha kura, haulizi limeleta ulinzi gani.

Tuseme kwa haki: askari wengi ni vijana wa kimaskini, na amri hawaitungi wao. Hatuna ugomvi na askari akamataye mwizi. Lakini polisi ni jambo la Muungano, la nne katika orodha ya Katiba, na mkuu wao huteuliwa na Rais wa Jamhuri. Basi mtu wa Wete mwenye malalamiko juu ya askari ayapeleke wapi? Kwa polisi wale wale? Tume ya Haki za Binadamu ipo, ila kazi yake ni kupendekeza, si kuamuru.

Twataka chombo huru cha kuchunguza malalamiko juu ya polisi, chenye afisi Unguja na Pemba, kitangaze hadharani kilichokiona, na kimpokee kila mlalamikaji bila ya kumwuliza kadi ya chama chake.